Uzamili wa elimu ya watu wazima kwa anayeishi Arusha au Moshi: mwongozo kamili

Wengi wanaotaka kusomea fani hii huanza kwa kuuliza chuo kipi na ada shilingi ngapi. Maswali hayo yana nafasi yake, ila yakitangulia humpotezea mtu miaka miwili. Tanguliza hili: ni mtu mzima yupi unataka kumhudumia, na nani analipa mshahara wa watu wanaomhudumia?

Mama wa Kibosho anayetaka kusoma mwenyewe ujumbe wa pesa kwenye simu yake, bila kumpa mtoto amsomee. Mpagazi wa Marangu anayetaka kuwa mwongoza watalii. Muuguzi anayetakiwa kujiendeleza akiwa kazini. Msichana wa Ngaramtoni aliyeacha sekondari kidato cha pili na sasa anataka kurudi. Wote wanne wako ndani ya elimu ya watu wazima na elimu endelevu, lakini kila mmoja anahitaji mwalimu wa aina yake, na kozi inayomwandaa mwalimu wa mmoja inaweza isimfae mwalimu wa mwingine.

Kwanza, ijue milango ya ajira

Fani hii ina mizizi mirefu huku kaskazini. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata wilaya sita zikapewa jukumu la kufuta ujinga kabla ya nyingine. Kilimanjaro na Pare zilikuwamo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Kisomo, yaani kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, kilikuwa ndiyo kazi kubwa wakati ule. Leo kisomo ni mlango mmoja kati ya kadhaa.

Serikalini kuna maafisa elimu ya watu wazima na elimu nje ya mfumo rasmi, ngazi ya mkoa na halmashauri. Kuna wakufunzi wa Taasisi yenyewe, ambayo pamoja na mambo mengine inasimamia masomo ya njia mbadala kwa wasichana waliokatiza sekondari. Kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi kama Msinga, na kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA.

Upande wa ushirika, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kimekuwa kikifundisha wanaushirika tangu 1963, kikiwa bado chuo cha kawaida. Elimu ya wanachama wa vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) na vya akiba na mikopo (SACCOS) ni elimu ya watu wazima hasa, hata kama hakuna anayeiita hivyo. Mtu aliyeisomea vizuri fani hii anahitajika huko kuliko anavyodhani.

Kisha kuna mafunzo kazini. ESAMI, taasisi ya mafunzo ya menejimenti iliyoko Arusha, huwafundisha mameneja wa kanda nzima kwa kozi fupi. Kituo cha MS-TCDC kule Usa River kinafundisha watendaji wa maendeleo. Hospitali kubwa, hoteli na kampuni za utalii zina watu wa kupanga mafunzo ya wafanyakazi, ingawa vyeo vyao mara nyingi viko chini ya idara ya rasilimali watu. Mwisho ni vyuo vikuu, ambako unakuwa mwalimu wa walimu.

Sasa fanya zoezi hili kabla ya kulipa ada ya maombi popote. Kwa miezi miwili kusanya matangazo kumi ya kazi zinazokuvutia: tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, matangazo ya mashirika, ya vyuo. Chora jedwali la safu tatu kwenye daftari: elimu inayotakiwa, ujuzi unaotakiwa, uzoefu unaotakiwa. Utakachokiona mara nyingi ni kwamba uzamili umetajwa kama sifa ya nyongeza, huku kuandaa mafunzo, kuyatathmini na kuandika ripoti vikitajwa kama sharti. Kama jedwali lako linasema hivyo, usichague programu itakayokupa nadharia tupu.

Kama tayari uko serikalini, ongeza hatua moja ambayo watu huiruka na kuijutia: nenda kwa afisa utumishi, muulize kama jina la shahada unayoitaka linatambuliwa kwenye muundo wa utumishi wa kada yako. Uliza jina kamili, neno kwa neno, na omba jibu la maandishi. Mwalimu anaweza kusoma uzamili mzuri wa maendeleo ya jamii, akarudi na kuambiwa hauhusiani na kada yake, kwa hiyo hakuna kupanda wala kubadilishwa. Kosa hilo halirekebishiki baada ya mahafali.

Pima sifa zako kwa namba

Toa transkripti yako ya shahada ya kwanza na uangalie GPA, yaani wastani wa alama zako. Kwa mizani ya Tanzania ya alama 5, daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, na la kufaulu ni 2.0 hadi 2.6. Mlango wa kawaida wa uzamili ni 2.7. Ukiwa chini ya hapo hujafungiwa. Njia iliyozoeleka ni kupitia stashahada ya uzamili kwanza, ukaifaulu vizuri, ndipo uombe uzamili. Inakula muda wa kama mwaka mmoja, na kwa mtu ambaye shahada yake ya kwanza haikuwa ya ualimu mwaka huo si hasara, kwa sababu humo ndimo atakapofundishwa mtaala, upimaji na saikolojia ya kujifunza.

Wanaotaka kuwa wahadhiri wana hesabu kali zaidi. Matangazo ya kazi ya mhadhiri msaidizi yamezoea kudai GPA ya 4.0 kwenye uzamili pamoja na ya 3.5 kwenye shahada ya kwanza, na mengine 3.8. Aliyemaliza shahada ya kwanza na 3.1, hata akipata 4.8 kwenye uzamili, anaweza kuachwa nje kwa kigezo hicho. Ni afadhali kuujua ukweli huu sasa na kuelekeza nguvu kwenye mafunzo kazini, mashirika au vyuo vya ngazi ya kati, ambako uzoefu una uzito wake.

Namba ya tatu ni muda. Uzamili wa mafunzo darasani na tasnifu una angalau krediti 180, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, maktaba, kuandika, yote. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa wiki 104 za miaka miwili unapata kama saa 17 kwa wiki. Ukitaka kumaliza kwa miezi 18, ni saa 23. Mtu mwenye kazi ya kutwa, watoto, na misiba na harusi za ukoo kila mwisho wa wiki, aandike saa hizo 17 kwenye ratiba yake ya sasa kwa kalamu kabla ya kujaza fomu. Zikikosa mahali pa kukaa kwenye karatasi, kwenye maisha hazitakaa.

Kuchagua chuo na programu

Kwa anayeishi huku kaskazini kuna njia tatu.

Ya kwanza ni Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo vya mkoa Arusha na Kilimanjaro. Kinamfaa mtu asiyeweza kuacha kazi, na chenyewe ni shule hai ya elimu masafa: unajifunza ukiwa ndani ya mfumo ambao huenda baadaye ukaajiriwa kuuendesha. Ugumu wake ni upweke. Asiye na kikundi cha kusoma huahirisha mtihani mmoja, kisha wa pili, mwishowe hurudi nyuma muhula mzima. Tafuta wenzako watatu au wanne kituoni wiki ya kwanza, mkubaliane siku na mahali pa kukutana. Hili si la hiari.

Ya pili ni vyuo vya hapa: Mwenge na Ushirika vilivyoko Moshi, Tumaini Makumira kule Usa River, na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru. Hapa usitafute tu maneno "elimu ya watu wazima" kwenye jina la programu. Uzamili wa elimu wenye upande wa mtaala au uongozi, au wa ushirika na maendeleo ya jamii kama ule wa Chuo cha Ushirika, unaweza kukufikisha unakotaka ikiwa tasnifu yako itakuwa juu ya watu wazima wanaojifunza. Kumbuka tu lile la muundo wa utumishi.

Ya tatu ni kwenda mbali: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye Shule Kuu ya Elimu, au Makerere kwa majirani, ambako kuna uzamili wa elimu ya watu wazima na jamii kwa jina hilo hilo.

Chochote utakachochagua, hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwamba programu yenyewe ina ithibati hai. Chuo kinaweza kuwa na ithibati huku programu moja ikiwa haina. Kisha mwandikie mratibu wa masomo ya uzamili barua pepe fupi yenye maswali manne: vipindi vinafanyika jioni, wikiendi au kwa majuma ya mfululizo? Tasnifu inachukua krediti ngapi kati ya zote? Msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi kwa sasa? Je, kuna mazoezi ya kufundisha watu wazima, na yanafanyika wapi? Jibu la swali la tatu ndilo litakaloamua utamaliza lini. Msimamizi mwenye wanafunzi kumi na tano na vipindi vya shahada ya kwanza hawezi kusoma sura yako ndani ya wiki mbili, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Fedha

Ada huandikwa kwenye tovuti ya chuo, kwa hiyo haimshangazi mtu. Kinachowakwamisha watu ni vile visivyoandikwa: nauli ya kwenda kuonana na msimamizi, bando, kudurufu, posho ya wasaidizi wa utafiti, kujalidi tasnifu, na ada ya kuendelea pale muda unapopita. Andika kila kimoja na bei ya mtaani kwako. Mfano wa hojaji: washiriki 40, hojaji ya kurasa 6, ni kurasa 240, ongeza asilimia kumi kwa zitakazoharibika, unafika 264. Zidisha kwa bei ya steshenari unayoitumia. Ukifanya hivi kwa kila kipengele utajua unahitaji kiasi gani mwaka wa pili, mwaka ambao wengi hukwama wakiwa wamekwisha kulipa ada yote.

Usiweke matumaini yako kwa Bodi ya Mikopo. Sehemu kubwa ya mikopo yake ni ya shahada ya kwanza. Muulize mwajiri kama ana fungu la mafunzo, na uulize kabla bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai haijafungwa. Ukiuliza Septemba utaambiwa subiri mwakani.

Maombi

Uzamili huombwa moja kwa moja chuoni. Andaa vyeti vya sekondari na vya shahada, transkripti kamili, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, wasifu wa kurasa mbili, barua mbili za wadhamini na andiko dhana. Majina kwenye nyaraka zote yafanane herufi kwa herufi. Kama cheti cha kidato cha nne kinasema "Elibariki" na cha chuo "Elbariki", shughulikia kiapo cha majina kwa wakili mapema. Aliyesomea shahada ya kwanza nje ya nchi aanze kwa Tume ya Vyuo Vikuu kupata utambuzi wa shahada hiyo, na asisubiri wiki ya mwisho.

Barua za wadhamini huwa dhaifu kwa sababu mdhamini hana la kusema. Msaidie. Mpe ukurasa mmoja unaoeleza alikufundisha nini, mwaka gani, ulifanya kazi gani ya kukumbukwa, na sasa unataka kusomea nini. Mpe wiki tatu. Mwalimu wako wa chuo ukimwandikia "Shikamoo Mwalimu, naomba barua, mwisho ni kesho", utapata barua ya aya moja inayosema unajua kusoma na kuandika.

Andiko dhana: hapa ndipo kazi ilipo

Hizi ni kurasa mbili au tatu zinazoeleza unataka kuchunguza nini. Kamati ya udahili inasoma humo kama unaifahamu fani au umetamani cheti. Kosa kubwa ni mada isiyo na mipaka: "Mchango wa elimu ya watu wazima katika maendeleo ya Tanzania". Haina mahali, haina watu, wala haichunguziki kwa miezi sita.

Chukulia badala yake kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama huko Machame. Wanachama ni 25, hukutana kila wiki, na hisa za kila mmoja hurekodiwa kwa muhuri kwenye kitabu chake, ili hata asiyesoma aweze kuhesabu mihuri yake. Mfumo huo unafanya kazi vizuri mpaka linapokuja suala la riba ya mkopo na mgawo wa mwisho wa mwaka. Hapo mihuri haitoshi, na mama anabaki kumwamini katibu. Swali la utafiti linatoka hapo hapo: wanachama wasiosoma vizuri wanafuatiliaje mikopo yao, na ni hesabu gani zinaweza kufundishwa ndani ya kikao cha kila wiki bila kukirefusha? Swali hilo lina watu, mahali na muda, na jibu lake lina mtu wa kulitumia kesho yake.

Panga andiko hivi. Aya mbili za tatizo, zikianza na jambo linaloonekana kwa macho. Aya moja ya waliokwisha kulichunguza na pale walipoishia. Maswali matatu, yasizidi. Nusu ukurasa wa njia: nani utaongea nao, wangapi, kwa nini hao. Sentensi chache juu ya nadharia. Wanafunzi wengi hukimbilia andragogia ya Malcolm Knowles wa Marekani, isemayo kwamba mtu mzima hujifunza kwa kujiongoza na kwa kutegemea uzoefu wake. Si vibaya, lakini jiulize kama inamfaa mama aliyelelewa kusikiliza wakubwa wakisema na kujifunza kwa kutazama. Utafiti shirikishi, ambao sehemu ya mwanzo wake iko hapa hapa Tanzania miaka ya mwanzo ya 1970, mara nyingi unashika vizuri zaidi katika mazingira yetu, na ni haki yetu kuutumia kama mali ya nyumbani.

Ruhusa ya masomo

Mtumishi wa umma apitishe barua ya kuomba ruhusa kwa mkuu wake wa kazi, ifike kwa mkurugenzi wa halmashauri au mwajiri husika, akiambatisha barua ya udahili. Usiondoke kituoni kabla ya jibu la maandishi. Kauli ya "nenda tu, barua itafuata" imewapeleka watumishi kwenye mashtaka ya utoro. Hata wanaosoma wikiendi watoe taarifa, kwa sababu siku ya kuomba kubadilishwa kada watadaiwa ushahidi kwamba mwajiri alijua.

Uwandani

Chuo kikishapitisha andiko lako, kinakupa barua ya utambulisho wa utafiti. Barua hiyo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye hukuandikia ya kwenda wilayani au halmashauri, na kutoka huko unapata ya kwenda kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji au mtaa. Tenga wiki tatu hadi nne kwa mzunguko huu na nakala sita za kila barua. Utafiti unaogusa wagonjwa au huduma za afya unahitaji pia kibali cha kamati ya maadili, na hicho huchukua miezi. Asiye raia ana njia ndefu zaidi kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Kalenda ya huku inaamuru. Masika, Machi hadi Mei, njia za mlimani hazipitiki vizuri na watu wako shambani. Wakati wa kuvuna kahawa usitegemee wakulima kukaa nawe mchana. Siku ya gulio usimwite mtu kwenye mahojiano. Mfuate gulioni, au siku inayofuata. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi: utawapata watu wengi, lakini hakuna atakayekuwa na saa nzima ya kukupa.

Namna ya kumfikia mtu mzima asiyesoma ndiyo sehemu inayotofautisha mtafiti wa fani hii na mwingine yeyote. Watu huficha. Atakwambia miwani imevunjika, au fomu hiyo mwachie mwanangu akija jioni. Usimpe karatasi asome mbele za watu. Anza na salamu inayompasa, shikamoo kama amekuzidi umri, mwite Mama au Baba wa mtoto wake wa kwanza ikiwa ndivyo anavyoitwa pale, kaa pale anapokuelekeza. Fomu ya ridhaa isome wewe kwa sauti, kwa Kiswahili chepesi, sentensi kwa sentensi, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake amekubali nini. Akikubali, aweke kidole gumba, na shahidi asiye wa timu yako atie sahihi. Kama kuna kipimo cha kusoma, kifanyike faragha, kianze na kitu anachokijua, mfano pakiti ya dawa ya mifugo au ujumbe wa simu, na kiishie pale anapoanza kutaabika. Usimwache akiwa ameshindwa mfululizo mara tano; hatakuja tena darasani, na kosa litakuwa lako.

Hesabu nyingine ya lazima: saa moja ya sauti iliyorekodiwa hula saa nne hadi sita kuandikwa. Mahojiano 20 ya dakika 45 ni saa 15 za sauti, yaani saa 60 hadi 90 za kuandika. Mtu aliyepanga wiki mbili kwa kazi hiyo, huku akiwa kazini, atajikuta anaruka sehemu na kubuni nyingine.

Lugha ya data na lugha ya tasnifu

Mahojiano yatakuwa Kiswahili, Kichaga au Kimaasai, na tasnifu mara nyingi itatakiwa kwa Kiingereza. Usitafsiri mahojiano yote. Yaandike katika lugha yaliyosemwa, yachambue katika lugha hiyo hiyo, kisha tafsiri tu kauli utakazozinukuu, na umpe mtu mwingine azirudishe kwenye lugha yaliyosemwa bila kuona za awali. Zikitofautiana sana, rekebisha.

Angalia neno "ngumbaru", jina la mtu mzima anayefundishwa kusoma na kuandika. Mzee akisema "mimi ni wa ngumbaru", ukiitafsiri kuwa mwanafunzi mtu mzima, maana ya juu imebaki na aibu iliyomo imepotea. Katika tasnifu liache neno lenyewe, ulifafanue mara moja kwa aya nzima. Mtahini wa nje atakushukuru, na uchambuzi wako utakuwa na kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya kigeni.

Msimamizi na kumaliza

Kila mkutano na msimamizi uandikie muhtasari wa mistari mitano: tulikubaliana nini, nani afanye nini, lini. Mtumie siku hiyo hiyo kwa barua pepe. Baada ya mwaka mmoja, atakapokwambia "nani alikuambia utumie hojaji?", utakuwa na jibu lenye tarehe, na utalitoa kwa heshima. Peleka sura moja moja. Akikaa kimya wiki tatu, mkumbushe. Akifika wiki ya sita, mwone mratibu wa uzamili. Kulalamika pembeni kwa miezi minane ndiko kunakozaa ada ya kuendelea.

Kabla ya kuwasilisha, pitisha kazi kwenye programu ya kupima wizi wa maandishi ambayo chuo kinaitumia. Sehemu inayonasa watu ni sura ya pili, walipobandika maelezo "kwa muda" na kusahau.

Ukitaka kusoma nje

Kwa ufupi: Erasmus Mundus imekuwa na uzamili wa pamoja wa elimu ya watu wazima kwa mabadiliko ya kijamii, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Glasgow, na umekuwa ukitolewa kwa ufadhili. Chevening ya Uingereza inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, kama miaka miwili, na urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola na Fulbright ya Marekani nao upo. Anza miezi 14 kabla ya kuondoka, na weka tayari pasipoti na mtihani wa Kiingereza kabla dirisha halijafunguliwa.

Kitu cha kuwa nacho mkononi

Tangu muhula wa kwanza, fundisha kundi moja. Linaweza kuwa darasa la jioni la Mtihani wa Maarifa (QT), ule wa wanaotaka kufanya kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, kikundi cha hisa, wapagazi wanaojifunza Kiingereza, au walinzi wa kanisa lenu. Saa mbili kwa wiki zinatosha. Hifadhi mpango wa somo, orodha ya mahudhurio, kipimo cha mwanzo na cha mwisho, na maelezo ya kwa nini watu saba waliacha. Hayo ya walioacha yana thamani kuliko yote, maana kila mwajiri wa fani hii anasumbuliwa na utoro wa watu wazima na anataka mtu aliyeuchunguza. Kwenye usaili peleka faili hilo pamoja na cheti.

Na tasnifu ikishapita, iandike upya kwa Kiswahili katika kurasa mbili. Toa nakala tano: kwa mtendaji wa kijiji, afisa elimu wa kata, afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri, kiongozi wa kikundi, na moja ya akiba. Omba nafasi siku ya kikao chao, uisome kwa sauti polepole, na utenge muda wa kutosha wa kuulizwa. Wanaweza kukukosoa mahali ulipowaelewa vibaya. Chukua kalamu uandike, kwa sababu hapo ndipo makala yako ya kwanza ya kuchapishwa itakapoanzia.